Wimbo wa Navsi Uliokatika

Siku Barkya alipomwona Navsi kwa mara ya kwanza, yeye alikuwa juu ya mti wa mvumo, kisu mkononi, anagema tembo la harusi ya binamu yake. Kibuyu kilikuwa kimeshajaa. Hakuteremka, kwa sababu kwenye harusi watu huuliza maswali, na Barkya tangu utotoni maswali yalimkausha mdomo. Akabaki huko huko kileleni akijifanya ana kazi.

Kutoka juu alimwona mwanamke mfupi akija peke yake kwenye kijia cha kati ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Sari yake ya kijani ilifungwa juu ya magoti, miguu imepauka kwa vumbi, mikono mitupu. Alipokanyaga uani, watoto waliokuwa wakifukuzana walisimama. Mbwa wa shangazi, ambaye alizoea kubwekea hata kivuli chake mwenyewe, aliinuka akasogea pembeni.

Mwanamke akaingia ndani. Huko wanawake walikuwa wamemchora Palghat, mungu mke anayeotesha mpunga na watoto, ukutani kwa unga wa mchele uliokorogwa na maji, kisha wakamfunika kwa shuka kama inavyotakiwa. Kitambo kidogo akaanza kuimba.

Barkya alitarajia sauti kubwa. Haikuwa kubwa. Aliimba kama mtu anayemkaribisha mgeni aliyekwisha kufika mlangoni, taratibu, jina moja baada ya jingine, mungu wa mvua, mungu wa mpaka wa kijiji, mama wa nafaka. Kuku walikuwa wametapakaa uani wakichokora makombo. Kwa kila jina kuku wale walijitenga, huku na huku, wakaacha njia katikati, kisha wakarudi. Jina jingine, wakajitenga tena. Hakuna mtu aliyepita. Barkya alikumbatia shina la mti kwa mikono miwili, na nywele za shingoni zikamsimama.

Aliposhuka jioni alimwuliza shangazi yake, "Yule ni nani?"

"Humjui Navsi? Ndiye dhavaleri wetu, anayeozesha watu kwa wimbo." Shangazi alimtazama kwa mshangao. "Unaweza kuishi na mwanamke mpaka mkaota mvi, bila mdomo wa yule hamjaoana. Kwani we ulikuwa wapi siku nzima?"

"Kazini," alisema Barkya.

Mwaka uliofuata alimchukua Lahani, msichana wa kitongoji cha ng'ambo ya kijito, wakaanza kuishi pamoja bila sherehe. Hapakuwa na aibu yoyote. Watu wa kijiji chao cha Karanjpada hukaa hivyo mpaka mpunga utoshe kulisha wageni na mivumo itoe tembo la kutosha kuwalewesha. Wengine huoana wakiwa na wajukuu. Ila mpaka wimbo uimbwe, mwanamke haitwi mke. Huitwa mwenzako, au yule wa kwako, au mama fulani. Na binti hawezi kuketishwa harusini kama mama yake hajaketishwa.

Harusi yao ilifika wakati mtoto wao Rupi anatambaa. Wanawake walichora ukuta wa chumba cha ndani, wakaufunika. Lahani aliketi amepakwa manjano mpaka masikioni, na Barkya akaketi kando yake akitazama vidole vyake vya miguu, kwa sababu kila mtu alikuwa akimtazama yeye. Navsi akaanza mchana jua likiwa kali. Alipofika katikati, miungu wote wakiwa wameshaitwa na bado hajafika kwenye sehemu ya kuwafunga wawili na kuwaaga wageni wale, akaingia kijana mbio akihema.

"Mama Navsi, Sakri anavuja damu. Mtoto hatoki."

Sakri alikuwa binti yake wa pekee. Navsi alikata wimbo katikati ya neno. Aliinuka, akatazama ile shuka ukutani, akafungua mdomo kama anayetaka kuiambia kitu, kisha akatoka akikimbia.

Kwa Sakri mganga alikuwa ameshachinja kuku, damu haikusimama. Siku hiyo palipita kijijini mchungaji mmoja wa kanisa aitwaye Prabhudas, mtu wa milimani, mtoto wa watu wa msitu kama wao, ambaye baba yake mwenyewe alikuwa mganga. Alikuwa na gari la kuazima. Akamlaza Sakri nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Navsi, akaendesha mpaka hospitali ya mjini Dahanu akiomba kwa sauti njia nzima, kwenye kila shimo la barabara akitaja jina la Yesu. Sakri alipona. Mtoto naye alipona.

Baada ya hapo Navsi hakuimba tena. Msimu wa joto ulipoisha, mchungaji alimbatiza kwa kumzamisha baharini, na Barkya alikuwepo. Alisema anakwenda pwani kununua samaki wakavu, akajibanza kwenye mivinje kama mwizi. Bahari ilikuwa imetulia, maji ya rangi ya udongo. Mwanamke yule mfupi alitembea ndani ya maji na sari yake ya kijani mpaka kifuani, bila kusita. Alipozama, Barkya alijikuta ameshika pumzi. Alipoibuka, uso wake ulikuwa uso ule ule aliouona uani kwa shangazi siku ile, uso wa mtu anayemwona mgeni mlangoni. Hilo ndilo lililomchanganya. Alidhani angeuona uso mwingine.

Maneno yalisemwa. Jethya, kaka mkubwa wa Barkya, ndiye aliyeyasema kwa sauti kuliko wote.

"Wamemnunua kwa pakiti ya maziwa ya unga," alisema. "Kesho atavaa viatu na kutuita washenzi."

Navsi alimsikia, kwa sababu Jethya alihakikisha anasikia. Akasimama njiani.

"Maziwa yenyewe sijayaona, Jethya. Ukiyaona niletee, nina mjukuu." Kisha akasema bila mzaha, "Wale wengine niliwaita maisha yangu yote kwa wimbo, na walikuja. Sitasema hawakuja. Huyu alikuja bila kuitwa. Mtu afanyeje?"

Jethya akatema mate pembeni, lakini mbali na miguu ya Navsi.

Ukuta wa nyumbani kwa Barkya ulibaki na shuka. Nani angethubutu kuiondoa? Miungu walikuwa wameitwa, wakaja, wakaketi, na hakuna aliyewaaga. Rupi alikua akijua kwamba kona ile haikimbiliwi. Wadogo zake walizaliwa wakajua vilevile. Asubuhi Lahani aliweka chini ya shuka punje chache za wali, si kama sadaka, bali kama unavyompa chochote mgeni aliyekukalia muda mrefu na huwezi kumwambia aondoke. Walimleta dhavaleri wa kitongoji kingine. Mama yule aliitazama shuka kwa mbali, akakataa hata kuketi.

"Wimbo huu umefunguliwa na mdomo wa mtu," alisema. "Mimi nikiingilia katikati, watajua mimi si yeye. Mwiteni aliyewaita."

Basi Barkya akaanza kwenda kwa Navsi. Alichukua kibuyu cha tembo bichi la asubuhi, tamu, ambalo halijachacha, akaketi barazani kwake. Navsi hakuwa anakunywa tena, lakini alikipokea akakiweka kivulini.

"Umekuja kutaka nini?" humwuliza.

"Sitaki kitu, mama."

"Haya. Mwenzako hajambo?"

"Hajambo."

Wakakaa. Barkya alitazama ukuta wa nyumba ya Navsi, uliopakwa udongo na samadi kama kuta za wote, na msalaba mdogo wa mianzi juu ya mlango. Alijua anachotaka kusema. Aliona haya. Mwanamke amekwenda kwa Mungu wake kwa miguu yake mwenyewe, je, yeye amrudishe nyuma kwa ajili ya harusi ya mgema? Tena kuleta tembo ndiko kuomba, alijiambia, kila mtu anajua. Jua likipanda anaondoka. Safari nyingine, kibuyu kingine, swali lile lile. Ikawa desturi. Majirani walidhani anamwuzia.

Miaka ikaenda hivyo mpaka Rupi akatakiwa na kijana mwenye heshima, fundi wa pampu za maji. Baba wa kijana alikuja, akala, akasifu samaki, kisha akakitazama chumba cha ndani.

"Msichana tumempenda," alisema. "Lakini mkwe, hatuwezi kumketisha binti wa ndoa iliyokatika. Malizeni yenu kwanza. Tutangoja mpaka kabla ya mvua."

Alipoondoka, Lahani alikusanya sahani kwa kelele nyingi.

"Baba Rupi, umempelekea yule mama tembo la kujaza bwawa. Hujamwambia neno bado?"

"Anajua."

"Anajua! Ungojee sasa afe na kikohozi kile, ndipo ukamwambie kaburini, huko hatakuuliza umekuja kutaka nini."

"Ameshabatizwa, Lahani."

"Na mimi sijaolewa." Akaweka sahani chini. Sauti yake ikashuka. "Nimezaa, nimepanda, nimevuna, nimemzika mama yako kwa mikono hii. Nataka nife nikiwa mke wa mtu. Ni kitu kikubwa sana hicho?"

Barkya hakulala vizuri. Asubuhi alipanda mvumo wake, na huko kileleni akaanza kujizoeza maneno. "Mama, nimekuja kukuomba," aliyaambia makuti. Akarudia kwa sauti nyingine. "Mama Navsi, ule wimbo." Chini Jethya alikuwa akipita na ng'ombe.

"Mdogo wangu," aliita Jethya, "mti umekujibu nini?"

"Mti unafikiri bado," alisema Barkya, na masikio yakamwaka moto. Lakini aliteremka akaenda moja kwa moja, asije akapoa.

Barazani kwa Navsi alimkuta mchungaji Prabhudas ameketi anakunywa chai. Miguu ya Barkya ilitaka kugeuka. Navsi alikuwa amepungua, mifupa ya mabega imetokeza kwenye sari, kikohozi kinamtikisa. Akapokea kibuyu akakiweka kivulini.

"Umekuja kutaka nini?"

Barkya akafungua mdomo. Maneno ya kwenye mti yote yalikuwa yamebaki kwenye mti.

"Mama," alisema. "Njoo umalize."

Mchungaji aliweka kikombe chini. Navsi alicheka kwa mdomo wake uliobaki na meno machache, kisha macho yakamjaa.

"Nimelingoja neno hili mpaka meno yamechoka kungoja," alisema. "We mgema, dhavaleri hajipeleki kwenye nyumba ya watu. Lazima mwanamume wa nyumba amwite kwa mdomo. Ukija na tembo ukasema hutaki kitu, mimi nifanye nini? Nikakubebe?"

"Nilidhani nitakuharibia," Barkya alinong'ona.

"Uliniharibia kwa kunyamaza. Kila nikipiga magoti kuomba, nawaona wale wameketi kwako na shuka usoni."

Mchungaji alikohoa kidogo. "Mama, tulizungumza. Wale si wageni. Ni giza lile ulilotoka."

"Wawe wawavyo, mwanangu. Aliyewaita ni mimi." Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kushika jembe. "Nimewaketisha watu kwenye nyumba, nikaenda kwa mwingine, sikurudi hata kusema kwaheri. Huyu Yesu wako alinifuata kwenye gari lenye damu ya mwanangu. Unafikiri atapenda nimwache mtu mlangoni? Sitawaita tena. Walishaitwa. Nitawaaga."

"Ukiimba, sitaweza kukupa mkate wa meza ya Bwana. Wazee wa kanisa hawatakubali. Mpaka wakae, waamue."

"Nitakaa benchi la nyuma. Kungoja nakujua."

Barkya akakumbuka kwamba Prabhudas naye ana baba aliyekuwa mganga, na kwamba huenda mahali fulani milimani kuna ukuta wake pia.

"Siku gani?" mchungaji aliuliza hatimaye.

"Kesho asubuhi," alisema Navsi. "Kifua hiki hakitaki kuahirisha."

Asubuhi ile alikuja kwa kijia kile kile, sari ya kijani, mikono mitupu, isipokuwa sasa alisimama kila baada ya hatua chache kukohoa, na Sakri binti yake alimfuata nyuma bila kumgusa. Mchungaji alikuja na pikipiki, akaiegesha mbali kidogo na ua, akasimama kando yake juani. Hakuingia wala hakuondoka. Jethya alimpelekea maji kwenye lota, chungu kidogo cha shaba, akayapokea kwa mikono miwili.

Ndani, Lahani alikuwa amepakwa manjano, na mvi zake zikawa za dhahabu. Barkya aliketi kando yake. Kila mtu alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakutazama vidole vyake. Alitazama ukuta.

Navsi aliivuta shuka. Ilikuwa imeliwa na panya pembeni, ikakatikia mkononi mwake na vumbi likamwagika. Watu wakasogea mbele, kisha wakarudi nyuma. Michoro ilikuwa imefifia ikawa rangi ya majivu, farasi amebaki miguu tu, jua limebaki nusu. Lakini katikati, juu ya tumbo la Palghat, nyigu wa udongo walikuwa wamejenga kiota mwaka baada ya mwaka, tabaka juu ya tabaka, laini na cha mviringo, kikatokeza ukutani kama tumbo la mama aliyekaribia siku zake.

Bibi mmoja alipiga magoti. Rupi alishika mkono wa mdogo wake. Nywele za shingoni zikamsimama Barkya, kama ile siku ya juu ya mti.

Navsi alinyoosha kidole, akaligusa lile tumbo la udongo kwa ncha yake tu.

"Amepata mimba akitungoja," alisema polepole. Hakuna aliyejua kama anatania, na yeye mwenyewe hakutabasamu.

Akaketi, akafumba macho, akaanza pale pale alipokatia, katikati ya neno, akalimalizia lile neno kwanza. Sauti ilikuwa imechakaa, ina mikwaruzo, mahali pengine kikohozi kiliimega, naye akangoja kipite akaendelea. Aliwafunga wawili kwa majina yao na ya mama zao. Kisha akaanza kuwaaga wale, mmoja mmoja. Hakuwafukuza. Aliwaambia mvua iko karibu, njia ni nzuri, wamekaa vya kutosha, wasamehe. Mama wa nafaka. Mungu wa mpaka. Mungu wa mvua. Lahani alikuwa analia bila sauti na manjano yanamchirizika.

Barkya aligeuza kichwa kuelekea mlangoni. Uani kuku walikuwa wakichokora. Kwa jina la kwanza walijitenga, huku na huku, njia ikabaki wazi kutoka kizingitini mpaka nje. Mchungaji, aliyekuwa kando ya pikipiki mwisho wa njia ile, aliwatazama kuku. Barkya alimwona akivua kofia yake na kusogea hatua moja pembeni, kama mtu anayewapisha wengine. Labda alikimbia jua tu. Barkya hakumwuliza kamwe, na mchungaji hakusema.

Jina la mwisho lilipotoka, Navsi aliomba maji, akasukutua mdomo, akayatema nje. Hakuonja tembo la harusi wala hakungoja chakula. Jumapili aliketi benchi la nyuma, mkate ulipopitishwa akakunja mikono, na Sakri anasema alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

Rupi aliketishwa kabla ya mvua, akaimbiwa na dhavaleri wa kitongoji kingine. Mvua ilipokolea, Navsi hakuinuka tena kitandani. Wazee wa kanisa walikuwa bado hawajakaa kuamua. Mchungaji alikuja kwenye tope, pikipiki ameiacha barabarani, akiwa na mkate umefungwa kwenye kitambaa ndani ya shati usilowe. Alimlisha mwenyewe kwa mkono wake. Kuhusu wazee alisema tu, "Nitawaambia mimi."

Barkya alifika siku ya pili yake na kibuyu, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kufika. Wanawake wa kanisani walikuwa wakiimba taratibu upande mmoja, na upande wa pili mashoga zake wa zamani wamechuchumaa, wanatafuna tambuu, miguu ikigusana kwa ufinyu wa chumba. Sakri alikipokea kibuyu akakiweka kwenye kona.

Barkya akaketi chini, karibu na kichwa cha mgonjwa. Navsi alifumbua macho, akamtambua.

"Umekuja kutaka nini?" aliuliza, na sauti ilikuwa pumzi tu.

"Sitaki kitu, mama."

Alimtazama sana. Pembe za mdomo wake zikasogea.

"Leo nakuamini," alisema. "Haya, nenda nyumbani. Mkeo anakungoja."